Mikono Miwili

Bwawa la Dundee linanuka klorini na soksi mbichi,
mvua inagonga paa la kioo kama mdai wa mwisho wa mwezi.
Nimekaa safu ya tatu, koti mapajani,
maandazi yamepoa tangu kituo cha basi.

Njia ya nne ni mwanangu. Shemsa binti Athmani,
miaka kumi na tisa, kofia ya manjano,
bega la kushoto limeteremka kidogo,
bega la baba yake.
Njia ya tatu ni Eilidh wa Arbroath,
asiyeingia majini kabla hajayasalimu.
Njia ya tano, Gurdeep, ameziba masikio: filimbi humuuma.
Njia ya sita haina mtu. Aliyeandikiwa
amekataa kutoka chooni, na mama yake
yuko naye mlangoni, wanahesabu vigae.

Mita hamsini, mtindo wa chura.

Sitasema alipaa. Hakupaa.
Aliyafungua maji kama mapazia mazito,
pazia, pumzi, pazia, pumzi,
akageuka ukutani akiwa wa nne, akawa wa tatu,
nami nikasimama, maandazi yakabiringika chini ya viti vya watu,
nikaliita jina lake la nyumbani
ambalo hataki liitwe hadharani.

Akanisikia.
Akagusa ukuta kwa mkono mmoja.
Wa pili alikuwa ananipungia.

Nafasi ya pili! Nilishaanza kigelegele
mwamuzi alipoinua mkono: Bi Morag,
viatu vyeupe, goti bovu.
Amefutwa.

Ukumbi ukaguna. Bwana mmoja nyuma yangu,
na alikuwa mtu mwema, simsingizii,
akasema: "Si wamwachie tu? Watoto kama hawa."

Mwachieni. Nalijua neno hilo, nimelea nalo.
Mwachieni, hajui, alipopita foleni ya dukani.
Mwachieni, hajui, wenzake wakipewa mtihani,
yeye krayoni.
Mwachieni, hajui, shangazi zake wakigawana kazi za harusi,
huyu viti, yule mchele,
na Shemsa akapewa pipi, akae.
Asiyejua maana haambiwi maana;
basi miaka kumi na tisa
hakuna aliyemwambia kitu.

Bi Morag akachuchumaa ukingoni, uso umekunjwa na lile goti.
Sauti hakuitia sukari.
"Mikono miwili, Shemsa. Sheria unaijua."
"Naijua!"
Kwa hasira. Hasira nzima, ya mtu mzima.
Akavua miwani ya maji, akaivurumisha.
"Na hiyo utaiokota," akasema Bi Morag.
Akaiokota.

Nikalia pale pale,
na yule bwana mwema akanipa tishu
akidhani nalilia medali.

Ndani ya basi hakunisemesha.
Chipsi zikalowa siki, zikapoa, hakuzigusa.
Mikono yake miwili ilikuwa kazini
kwenye mgongo wa kiti cha mbele:
gusa. Gusa. Gusa.
Mzee aliyekikalia akageuka, akamtazama, akanitazama mimi,
na neno likanifika kinywani, lile lile,
mwachie baba, hajui,
nikalimeza na mate yake.
"Shemsa. Unamsumbua mwenzio."
Akaacha. Akaomba radhi, sauti kavu,
kisha akaanza kula chipsi zangu.

Mwezi wa tisa wanakwenda Perth.
Ameshanipa masharti: nikae mwisho kabisa,
nyuma ya nguzo kama ipo,
jina la nyumbani nilifungie nyumbani,
na mikono yangu,
yote miwili,
niikalie.